Nzi wa Siku ya Sabato

Kama hakuna mdudu anayekuja, mbegu zinatoka wapi?

Swali hilo niliulizwa nikiwa kidato cha tatu, nimesimama mbele ya darasa na daftari lenye kurasa kumi na nne za neno moja: hakuna. Aliyeuliza alikuwa mwalimu wetu wa Bayolojia. Alinipa dakika nzima huku akiitazama saa ya ukutani, kisha akasema, "Kaa chini, Maswali. Leo umeulizwa wewe." Darasa likacheka. Jina la Maswali alinipa yeye tangu kidato cha kwanza, na hadi leo wapo wanaoniita hivyo sokoni Nyaramba bila kujua lilikotoka.

Tulimwita Madam. Walimu wote wa kike waliitwa Madam na jina juu yake, lakini ukisema Madam ukanyamaza, shule nzima ilijua ni yeye. Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sweta ya buluu iliyochakaa viwikoni na gambuti ambazo hakuzivua hata kiangazi. Wanawake wa kanisa letu la Sabato hawavai mikufu. Yeye alivaa mmoja tu: lenzi ya kukuzia vitu, iliyofungwa kwa kamba ya kiatu na kuning'inia kifuani. Akitaka kukusikiliza aliishika. Akitaka kukuumiza aliiinua jichoni, akakutazama kupitia humo, jicho lake likawa kubwa kama la ng'ombe.

Hakutupiga kamwe. Walimu wengine walikuwa na fimbo na tuliwapenda zaidi. Madam alikuwa na neno moja alilolichukia, neno "nafikiri", na aliyelitamka alisimama kando ya ubao, mkono umenyooshwa, kiganjani ameshika jani au konokono au chochote tulichokuwa tukisoma, hadi kengele ilie. "Usinifikirie," alisema. "Uliona au hukuona?" Na alikuwa na usemi wake ambao ningali nausikia kila ninapoandika kitu: "Andika ulichoona. Ulichotaka kuona, mwandikie mama yako barua."

Kwake, langoni, palikuwa na mti mzee wa omotembe, ule wenye miiba na maua mekundu. Juu ya tawi moja la mti huo ndipo lilipoishi ua la swali lile, okidi ndogo inayoota juu ya miti. Wengi hapa kwetu huchukulia kwamba okidi ni kupe wa mti, kwamba inanyonya, na mtu akiwa na bidii hupanda na panga kuikwangua. Jirani mmoja wa Madam aliwahi kufanya hivyo kwenye mparachichi wake, kwa nia njema kabisa. Madam alimfuata hadi kituo cha kununulia chai na kumwambia mbele ya foleni yote kwamba okidi haijanyonya kitu cha mtu yeyote, inakaa tu, na kwamba kama kukaa kwa mwenyeji bila kufanya kazi ni sababu ya kukwanguliwa, basi aanze na shemeji yake. Shemeji alikuwa kwenye foleni.

Mara ya kwanza kuliona lile ua nilitaka kulifukuza kwa mkono lipae. Lilikuwa dogo kama ukucha, la rangi ya damu iliyokauka, na mdomo wake wa chini ulikuwa na manyoya na umeshikwa na kijishipa chembamba, kiasi kwamba upepo kidogo tu uliutikisa kama nzi anayejisafisha miguu. Juu yake palichomoza nywele mbili, mfano wa papasi ambazo mdudu hupapasia. Ukisogeza pua ulipata harufu ya nyama iliyolala sufuriani. Nilipopunga mkono, Madam alikuwa nyuma yangu. "Umeshadanganywa," akasema. "Karibu."

Alitueleza kazi ya udanganyifu huo kwa furaha ambayo hakuwa nayo kwa jambo lingine lolote. Nzi dume anapita, anamwona jike amekaa, anashuka kumkumbatia. Mdomo wa ua unampindua, anabamizwa ndani, chavua inamnata mgongoni. Anatoka bila jike, bila asali, bila chochote, anakwenda kudanganywa na ua la pili, na hapo chavua inafika. Aliinua lenzi akatupitia mstari kwa mstari. "Na ninyi mtafanyiwa hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba nzi huondoka. Ninyi ndio mtakaobaki na mbegu."

Msichana mmoja wa bweni letu alipata barua kutoka kwa kijana wa bodaboda wa Birongo. Ikamfikia Madam. Hakuipeleka kwa mwalimu mkuu kama ilivyokuwa desturi. Aliileta maabara, akachora ua ubaoni, akatusomea barua sentensi baada ya sentensi, na baada ya kila sentensi akauliza ni sehemu gani ya ua. Hii ni rangi. Hii ni harufu. Hapa penye "nitakungoja milele" ni mdomo, angalieni unavyotikisika. Mwenye barua alicheka pamoja nasi. Alicheka muda mrefu kuliko wote, halafu tukagundua kwamba sicho alichokuwa akifanya.

Na Madam huyu huyu, usiku wa mvua ya mawe, alimbeba mgongoni msichana mwenye malaria hadi zahanati, zaidi ya nusu saa ya matope, kwa sababu gari la shule lilikuwa limekwama. Akakaa naye hadi asubuhi. Msichana aliporudi darasani na kusimama kumshukuru, Madam alimkatiza. "Nilibeba gunia la ndizi. Kilichonisumbua ni kwamba gunia lilikuwa likilia. Fungua ukurasa wa sitini." Nimejaribu mara nyingi kuamua ni yupi kati ya hao wawili aliyekuwa Madam wa kweli, na nimeacha.

Jambo moja lilimkosesha raha. Kwa miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kumwona huyo nzi. Alisoma vitabuni kwamba maua ya namna hiyo huchavushwa na nzi, na ua lenyewe lilifanana na nzi, lakini kila alipokaa kulitazama hakuna aliyekuja. Hata hivyo, kila ua liliponyauka, nyuma yake kilivimba kifuko cha kijani kilichojaa mbegu. Vifuko havikukosa. "Mgeni anakuja," alisema, "anakula, anaacha sahani chafu, na hakuna aliyemwona. Inawezekanaje?"

Kwa hiyo alituweka zamu. Kila msimu wa mvua ndefu, ua lilipochanua, wasichana wawili wawili walikaa chini ya omotembe alfajiri kabla ya gwaride na jioni baada ya vipindi, na daftari. Mwaka wetu tulikuwa mimi na Kerubo, mwenzangu wa darasa, na aliyefanya vizuri angewakilisha shule kwenye mashindano ya sayansi ya kaunti.

Kwangu mimi yalikuwa mashindano tu. Kwa Kerubo yalikuwa kitu kingine. Baba yake alikuwa amesema wazi kwamba Desemba ataacha shule aende Itumbe kwa shangazi yake kuchuma chai, kwa sababu haoni shule imemfanya nini. Kerubo alimwomba angoje. Akamwambia kuna mwalimu ambaye hamsifu mtu, na akimchagua yeye, itakuwa shule imemwona. Baba akasema atakuja mwenyewe asikie. Kerubo alinieleza hayo chini ya mti, akiwa ametazama ua bila kupepesa macho, kama mtu anayengoja mlango ufunguliwe.

Kurasa zangu kumi na nne zilisema hakuna, na nilipewa swali lile la mbegu nikashindwa. Daftari la Kerubo lilisema alikuja. Mara tatu. Nzi mmoja mdogo mweusi alishuka, akapinduliwa, akatoka na kitu cha njano mgongoni. Ziliandikwa tarehe na saa.

Madam alisoma daftari hilo amesimama. Alifika kwenye tarehe, akaweka kidole. Nilimwona akihesabu, midomo ikicheza, vidole vya mkono mwingine vikikunjwa kimoja kimoja, hadi saba, akaanza tena hadi saba. Akafunga daftari. "Kerubo ataenda," akasema.

Nilielewa alichokuwa akihesabu, kwa kuwa Kerubo alikuwa ameniambia mwenyewe, akaniomba nisimwambie mtu. Zilikuwa Jumamosi. Sisi Wasabato, na Madam mbele yetu, siku hiyo tulikuwa kanisani tangu asubuhi hadi jua linapozama. Lango la Madam lilifungwa kwa kufuli tangu Ijumaa jioni. Hakuchuma mboga, hakufagia, hakugusa lenzi. Aliining'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango. Katika miaka yote ya zamu hizo, hakuna mtu aliyewahi kulitazama ua lile siku ya Sabato. Kerubo alikuwa Mkatoliki. Wenzake walipokuwa mtoni wakifua sare, aliruka uzio wa miti na kukaa chini ya omotembe peke yake.

Hebu fikiria ilivyomwingia Madam. Siku sita anatazama na hakuna kitu. Siku ya saba haangalii, na vifuko vinavimba. Ilikuwa hesabu inayokubali kabisa.

Mashindano yalifanyika katika shule moja mjini Nyamira. Ukumbi ulijaa. Mbele aliketi mgeni wa heshima, mwenyekiti wa bodi ya shule yetu, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa la Madam. Nyuma kabisa, amevaa koti la harusi na kofia magotini, aliketi baba yake Kerubo. Kerubo alisimama kando ya chati yake, akaeleza vizuri, bila kutetemeka, kwa Kiingereza safi. Mwamuzi alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akauliza kama kuna mwenye swali.

Nilinyoosha mkono.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilitaka kweli kujua. Nilikuwa najua. Nilikuwa nimetazama wiki saba na kuandika nilichoona, nikaambiwa nikae chini.

"Siku ulizomwona huyo nzi," nikasema, "zilikuwa siku gani za wiki?"

Kerubo alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyekupa kitu umshikie, anarudi kukichukua, na wewe unamwonyesha mikono mitupu.

"Jumamosi," akajibu.

Zaidi ya nusu ya ukumbi ule walikuwa Wasabato. Kulikuwa na mlio tu wa viti. Mzee wa kanisa akageuka polepole kumtazama Madam. "Mwalimu," akasema kwa upole, "kwako watu hufanya kazi Sabato?"

Madam alisimama. Mkono ulikuwa kwenye lenzi. "Kwangu lango hufungwa," akasema. "Mtoto huyu hakuwa kwangu. Na kama hakuwa kwangu, hakuona alichoandika." Akaketi, akainyoosha sketi yake magotini.

Mwamuzi alichora mstari kwenye karatasi. Nyuma kabisa baba yake Kerubo akavaa kofia yake. Alikuja mbele bila haraka, akamshika binti yake kiwiko, akawaambia walio karibu, akitabasamu kidogo, "Si mmesikia? Hata mwalimu wake." Waliondoka kabla ya chakula. Chati ilibaki imening'inia hadi jioni. Mtu fulani aliitumia kufungia ndizi.

Jumatatu zamu zilipangwa upya. Jina la Kerubo lilikuwa limefutwa kwa rula, mstari mmoja ulionyooka. Madam hakulitaja tena darasani. Siku hiyo tu, nilipokuwa nikitoka maabara, aliniita nyuma. "Swali lako lilikuwa zuri," akasema. Katika miaka minne hilo ndilo neno jema pekee aliloniambia, na nitasema ukweli: nilifurahi wiki nzima.

Nilikwenda chuo kikuu. Miaka ikapita bila kumwona. Nikarudi likizo moja, mama akanituma nimpelekee Madam mkungu wa ndizi, maana alikuwa amestaafu na macho yamekufa kwa presha. Ilikuwa Jumamosi. Nilipita makusudi siku hiyo nikidhani yuko kanisani, niziache mlangoni niende zangu.

Lango lilikuwa wazi. Mvua ya mawe ilikuwa imeuvunja omotembe, na tawi lile lilikuwa limefungwa kwa kamba za mgomba kwenye nguzo ya baraza. Madam aliketi mbele yake kwenye kigoda, gambuti miguuni, lenzi kifuani, uso umeelekezwa kwenye ua ambalo hakuweza kuliona. Kwa mbali kanisa lilikuwa likiimba.

Nikamwamkia. Hakuhitaji jina. "Maswali," akasema. "Kaa. Nitazamie."

Nikakaa. Sikujua namna ya kukataa. Kila baada ya muda aliuliza, "Amekuja?" na mimi nikajibu, "Hajaja, Madam." Aliniuliza ninasomea nini, nikamwambia mimea, akaguna. Akaniambia kanisa lilituma wazee mara mbili kumuuliza kwa nini haonekani, naye akawaambia ni miguu. "Miguu haina shida," akasema. "Wakipita na kunikuta hapa waseme nimeketi. Kuketi si kazi." Nikamwambia kuketi kwa ajili ya kutazama ni kazi. Akacheka, kicheko kifupi. "Kutazama na nini?"

Jua lilipogeuka akauliza tena. Nikasema sijaona kitu.

"Kerubo aliona," akasema.

"Ulisema hakuona."

"Nilijua ni Jumamosi. Nilihesabu kabla yako, na nikamwamini."

"Basi kwa nini ulisimama ukasema vile?"

Akainua lenzi hadi jichoni kwa mazoea, jicho lile jeupe likawa kubwa mbele yangu. "Kwa sababu wewe uliuliza mbele ya watu, moiseke, binti yangu. Ungeniuliza jikoni ningekujibu." Kisha akaishusha. "Nenda Itumbe. Muulize mabawa yake yalikuwa na rangi gani. Hilo hakuliandika."

Hakusema niombe msamaha kwa niaba yake.

Nilimkuta Kerubo katikati ya shamba la shangazi yake, kikapu mgongoni, vidole vikikata majani mawili na chipukizi bila yeye kuangalia. Alinisalimu vizuri. Akaniuliza habari za mama. Nilipomweleza nilichotumwa, mikono yake haikusimama.

"Mwambie yalikuwa ya kijani," akasema. "Yanang'aa kama mafuta juu ya maji."

"Ulimwona kweli?"

"Hilo ni swali lako au lake?"

"Langu."

Akatupa majani nyuma ya bega, yakaingia kikapuni. "Basi hilo sijibu."

Nikarudi kwa Madam na kumwambia: kijani, yanang'aa kama mafuta juu ya maji. Alinirudishia sentensi hiyo mara tatu ili asikosee. Akaomba daftari lake, akaandika mwenyewe bila kuona, herufi zikipandana, mstari juu ya mstari wa zamani. Uso wake ulilegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Nilipoaga aliniruhusu nikate kipande cha tawi chenye matumba mawili matatu. Mvua zilizofuata hazikumkuta.

Kipande hicho nilikipanda kwenye chombo katika kibanda cha mimea cha chuo, kikashika, kikaongezeka. Katika mwaka wangu wa mwisho nilichukua tumba moja ambalo lilikuwa bado limefungwa, gumu, kijani, ambalo hakuna nzi wa siku yoyote angeweza kuingia, nikalipasua kwa wembe chini ya darubini. Chavua ilikuwa imeshadondoka na kunata kwenye stigma yake yenyewe, mahali pa kike panapoipokea. Nikapasua mengine kumi na moja. Ua lile hujichavusha kabla halijafunguka.